Chembe Alizozichunguza Upendo

Nilitoka Kiwalani kwa sababu ya uongo mmoja. Siku tulipomzika binti yangu Upendo, shemeji alisoma historia ya marehemu, akasema alikuwa daktari. Hakuwa daktari. Alikuwa mtafiti wa chembe za sumaku katika maabara moja huko Kimara, ila nyumbani hakuna aliyeelewa kazi hiyo. Arobaini ilikaribia, na historia ingesomwa tena.

"Mama Upendo, acha ibaki daktari," shemeji aliniambia. "Ina heshima. Hizo sumaku nani atazielewa?"

"Nitazielewa mie kwanza."

Asubuhi nilipanda bajaji. Kufika Tabata, dereva akaona nguo zangu nyeusi, akazima muziki wa singeli.

"Washa, baba. Mwanangu alikuwa anaipenda."

Kimara nilipokewa na Elisha, aliyefanya kazi na Upendo.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba. Nionyeshe kazi yake, na usinifiche kwenye maneno makubwa."

Akafungua kompyuta. Chembe zenyewe hazionekani kwa macho, alisema, hizi ni picha za hadubini. Za mviringo zilikuwa zimeshikana mstari mmoja, kama shanga. Za pande sita, mfano wa vipande vya sukari, zilikuwa zimejisokota kama kamba.

"Nani kazisokota?"

"Hakuna, mama. Tunaacha tone likauke karibu na sumaku, zinajipanga zenyewe. Hizi za pande sita, umbo lake linataka zikae ubavu kwa ubavu, usumaku wake unavutia kwenye pembe. Mambo hayo mawili yanavutana, mwisho zinajisokota. Upendo alikuwa anatafuta umbo linabadilisha nini."

"Alipata jibu?"

"Nusu."

"Basi nitasema nusu."

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado kali, njia nzima nikirudia maneno yale nisiyasahau.

Siku ya arobaini, shemeji alisimama na karatasi yake. Nikamwomba akae, nikaeleza mwenyewe: za mviringo, za pande sita, na ile kamba. Nyuma mtu akacheka. Jirani yangu mmoja akauliza, "Sasa hizo zinatibu nini?"

"Hazijatibu kitu. Mwanangu alikuwa bado anatafuta."

Shemeji akainamisha kichwa kwa aibu. Mie sikuinamisha changu. Safari ile ilinifundisha kwamba naweza kusimama mbele ya watu nikasema kazi ya mwanangu haikuisha, na bado nikajivunia. Nilisema hivyo hivyo, nikataja jina lake kamili, nikakaa.