Siku Niliyowatetea Wamarekani

Wiki iliyopita walikuwa wanapasua mawe ya barabara hapa Morotonga. Mlipuko wenyewe haukunishtua, maana walitupigia filimbi mapema. Kilichonishtua ni harufu ya baruti iliyoingia jikoni baadaye, kali, ya kukwaruza koo. Niliacha mboga zikiungua, nikatoka nje, nikaizunguka nyumba mara tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mume wangu akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia, "Shamba." Akacheka, akidhani natania.

Ngoja niwaeleze ninyi, maana yeye nimeshindwa.

Nilikulia Matongo, miaka ile dhahabu ilipopamba moto na watu wakamiminika kutoka kila pembe ya nchi. Nilikuwa darasa la saba, na kutulia sikuweza. Mchana kutwa mawe yalipondwa, redio zilipiga kelele, sura mpya zilipita njiani, nami nilitaka kila siku iwe na jambo lake. Baba alikuwa amefariki, na jirani yetu Wambura alishaona mwanya. Alisogeza mpaka wa katani hatua kwa hatua, akaachia ng'ombe wake mihogo yetu. Mama alilalamika hadi akachoka.

Ndipo akaja Msafiri. Jina lake halisi sikulijua kamwe. Aliongoza wachimbaji sita waliomwomba mama mahali pa kufunga turubai pembeni mwa shamba. Wiki ile ile wakawafukuza ng'ombe wa Wambura, wakamkabili mwenyewe kwa maneno makali, wakairudisha katani ilipokuwa. Mama aliwachinjia jogoo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli tulipona. Husemwa pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wa kwetu walikuja na sururu zao. Walichimba shimo moja la kujaribu, kisha la pili, kisha wakaleta na ndugu zao. Mvua za kupandia zilipokaribia, nusu ya shamba ilikuwa haina pa kutia jembe.

Shuleni, Mwalimu Marwa alipenda kutufundisha mambo ambayo hayamo hata kwenye mtihani. Alichora ramani ubaoni, Kuba huku, Ufilipino kule mbali, akatueleza jinsi Marekani, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ilivyopigana na Hispania iliyokuwa ikizitawala nchi hizo. Wafilipino walikuwa tayari wanapigania uhuru wao, na wengi walimpokea Mmarekani kama rafiki. Hispania ikashindwa, lakini Mmarekani hakuondoka Ufilipino; wenyeji walipokataa, akawageuzia bunduki. Kisha Mwalimu akaitisha mdahalo: je, aliyekusaidia kumfukuza adui ana haki ya kubaki?

Nikapangiwa upande wa Marekani. Jamani, siku hiyo niliwaka! Nikasema walijenga shule na barabara. Nikasema huko Kuba waliangamiza mbu mpaka homa ya manjano ikakimbia. Nikasema, "Kama wasingekuja, nani angemtoa Mhispania?" Darasa likapiga makofi, nikashinda daftari mbili. Jioni nikairudia hotuba nzima mbele ya turubai la Msafiri. Alicheka, akanipa biskuti, akaniambia nitakuwa mbunge.

Haikupita wiki, mama akawaambia waondoke ili alime. Msafiri alikataa, na shauri likapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kikao kilifanyika uwanjani kwetu, kwa Kiswahili, kwa sababu ya wageni. Mama alizungumza Kikurya. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyetakiwa kumsemea. Alinielekeza asubuhi huku akinipaka mafuta usoni: "Uwaambie, shukrani nimeshatoa. Sasa nataka shamba langu, watoto wapate kula."

Nikawaamkia wazee shikamoo, nikayasema maneno hayo vizuri kabisa. Ningeishia hapo, pengine leo ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini Msafiri akasimama, akitabasamu.

"Mwenyekiti, huyu binti ana akili sana. Muulize yeye mwenyewe anaonaje. Tena aseme kama alivyosema shuleni."

Mwenyekiti akanigeukia. "Haya, Bhoke, sema tukusikie."

Wanaume wote wale wananitazama mimi, mtoto wa kike! Mwili mzima uliniwasha. Nikaanza na mbu wa Kuba, nikamalizia na Mhispania, ila safari hii Mhispania nikamwita Wambura. Wakacheka, wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema kama hata mtoto wa mwenye shamba anaona wageni wana haki, basi wabaki, na mama alime kipande kitakachosalia.

Watu walipotawanyika mama aliniambia, "Umesema vizuri," akaingia ndani kusonga ugali. Nami nilifurahi, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Hakikusalia kipande. Msimu uliofuata harufu ya baruti ilikuwa inatukuta mezani, ukuta ukapasuka, tukahamia Itiryo kwa mjomba.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nilikuwa mtoto. Kisha siku moja, nikiwa tayari na watoto wangu, nilimkuta mama akisikiliza taarifa ya habari redioni. Akanisimulia yote kwa Kikurya, bila kukosea hata jambo moja. Nikamuuliza alianza lini kukielewa Kiswahili. Akasema tangu zamani, kukisema ndiko kulikomshinda.

"Kwa hiyo siku ile ulinielewa?"

"Neno kwa neno."

"Mbona hukunikatiza?"

"Nikukatize mbele ya wanaume wote wale? Ungesema tena lini mbele za watu? Shamba hupatikana, mwanangu."

Nililia kama mtoto. Katika mdahalo ule wote sikuwahi kuuliza Wafilipino wenyewe walitaka nini. Na mama alishaniambia alichotaka, kwa mdomo wake, asubuhi ile ile, nami nikaona hotuba yangu ni tamu zaidi.

Shamba halikupatikana. Mpaka anafariki, mama alilima kipande cha kaka yake, na kila msimu alikwenda kwanza kumwomba ruhusa.