Picha za Akiba za Dativa

Ukitaka ugomvi na Dativa, mwambie hakujali usalama. Thubutu! Studio yake ya picha pale Mlabani ilikuwa na mlango wa bati, nyuma ya bati geti la nondo, kwenye geti kufuli mbili, na barazani analala mlinzi, Mzee Pantaleo, na rungu lake. Majirani walikuwa wakimtania, "Dativa, humo ndani kuna picha au kuna dhahabu?" Naye jibu lake lilikuwa tayari. "Dhahabu ikiibwa utanunua nyingine. Sura ya mtu utainunua wapi?"

Na kwa hilo hakukosea hata kidogo. Wapiga picha Ifakara wamejaa, siku hizi kila mwenye simu anajiita mpiga picha. Lakini wazee walikuwa wa Dativa. Mtu akishaona mvi zimeshinda nywele nyeusi, anaoga vizuri, anapigilia nguo zake za Pasaka, anapanda nyuma ya baiskeli ya mjukuu na kwenda kwa Dativa kupiga picha ya akiba. Ndiyo itakayobebwa na mjukuu mbele ya jeneza lake siku yake ikifika. Anaichagua mwenyewe akiwa na afya na akili zake timamu, maana ukiwaachia watoto watakutafutia picha uliyopigwa ukiwa unatafuna.

Sasa, picha hiyo haiendi nyumbani. Ng'o! Kuweka picha yako ya mazishi kwenye nyumba unayolala ni kumwita mgeni usiyemtaka na kumtandikia mkeka kabisa. Hata kwenye simu wazee hawakukubali iingie, kwa sababu simu nayo inalala chini ya mto. Basi ilibaki kwa Dativa, ndani ya kompyuta, bila kuchapwa, mpaka watoto waje wenyewe na macho mekundu. Bonde zima lilikuwa mle: Wandamba, Wapogoro, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na wastaafu wa mashamba ya miwa waliotoka kila mkoa na hawakurudi tena kwao.

Mmoja wao alikuwa Mama Marsiana wa Kibaoni. Huyu alikuwa mama wa haja, mnene, mweusi tii, mwenye sauti nzito ya kwaya na maneno mengi kuliko redio. Siku alipokuja kupigwa picha yake ya akiba alimtesa Dativa mpaka basi. Picha ya kwanza, "Hapa nimekaa kama nimeitwa na hakimu." Ya pili, "Hapa nimenuna, watu watasema nimekufa na kinyongo." Wakati wanabishana, nje mwenye baiskeli aliyepakia matenga ya kuku aliteleza kwenye tope, kuku wakatawanyika barabarani, na Mama Marsiana akaangua kicheko. Dativa akabonyeza hapo hapo. Mama yule alipooneshwa alipiga makofi. "Hii! Hii ndiyo mimi. Wanangu wakiwa wanalia, mimi niwe nawacheka."

Kompyuta ya Dativa ilikuwa na fundi wake, Evod, kijana wa Kibaoni aliyesomea Morogoro, mpole na mwenye subira. Alimwambia mapema. "Dada Dativa, mwizi wa siku hizi haingii kwa mlango." Akamletea diski ya pembeni, akamwelekeza, kila wiki anakili picha zote humo, kisha aichomoe na kwenda kuilaza nyumbani kwake. Kompyuta ikipata balaa, nakala iwe mbali nayo.

"Nyumbani kwangu?" Dativa alishtuka. "Evod, unataka nilale na watoto wangu chumba kimoja na picha za mazishi za watu wote wa Ifakara?"

"Basi tuziweke mtandaoni."

"Mtandaoni! Wazee wa watu wako hai, wanakula na kunywa, picha zao za kuzikiwa ziwe zinazurura huko hewani? Wakijua watanilaani."

Evod akacheka, lakini hakushinda. Dativa akafanya la kwake. Diski akaifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa meza, akatia na kufuli, na waya akauacha umechomekwa kwenye kompyuta moja kwa moja, kwa sababu kuuchomeka na kuuchomoa kila mara na mnyororo ule ilikuwa kazi. Akaiangalia, akaridhika. Sasa hata Pantaleo akilala usingizi wa pono, mwizi atabeba diski na meza yake.

Jambo jingine Evod alilosisitiza lilikuwa flashi za wateja. Isichomekwe flashi ya mtu kwenye kompyuta ya picha, ipite kwanza kwenye ile kompyuta kuukuu ya pembeni ikaguliwe. Dativa alilishika hilo kwa wateja wengi, hata kama kile kijidirisha cha kwenye kioo cha kumkumbusha kuwa kinga ya virusi imekwisha muda wake alikuwa akikifukuza kama nzi. Tusimwonee basi. Ana duka, ana watoto, ana foleni ya watu wanaotaka picha za pasipoti sasa hivi, na mvua inanyesha.

Ilikuwa masika hayo hayo. Akaja mwanamume kutoka Mang'ula, tope mpaka magotini, amefiwa na baba yake hapa mjini. Gari lenye mwili lilikuwa limesimama nje, injini inanguruma, ndugu wamekaa juu kimya wamejifunika turubai. Alitaka kuchapa wasifu wa marehemu, ukasomwe kaburini jioni ile. Flashi ilikuwa mkononi mwake. Ile kompyuta kuukuu inawaka polepole hata ukienda kununua vitumbua unarudi bado inajikuna. Sasa wewe ungemwambia mfiwa akae kwenye benchi asubiri flashi yake ikaguliwe kama ana ugonjwa? Kwetu mfiwa hasubirishwi. Dativa alimpa pole, akaichomeka flashi kwenye kompyuta kubwa, akachapa, akazipanga karatasi vizuri na kuzitia kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Yule bwana alimshika mikono yote miwili akashukuru.

Asubuhi iliyofuata kufuli zote zilikuwa salama, geti salama, Pantaleo salama. Dativa akawasha kompyuta. Picha zote zilikuwa zimegeuka vikaratasi vyeupe vyenye majina ya ajabu ajabu, na katikati ya kioo kuna maandishi mekundu ya Kiingereza. Akabonyeza moja, haikufunguka. Akabonyeza nyingine. Akabonyeza mpaka kidole kikauma, huku anasema peke yake, "Jamani. Jamani. Jamani."

Evod alikuja mbio, akasoma yale maandishi. Kisha akaeleza taratibu. Kuna programu mbaya imeingia, imezifunga picha zote kwa ufunguo, na wenye ufunguo wanadai walipwe ndipo wazifungue.

"Wenye ufunguo kina nani?"

"Hawajulikani, dada."

"Wako nchi gani?"

"Haijulikani."

"Sasa nimlilie nani, Evod?"

Evod alisema kuwalipa ni kamari, wengi wamelipa na hawakufunguliwa kitu. Halafu akauliza habari ya diski, na hapo Dativa akachangamka, akainama kuonesha mnyororo. Ipo! Haijaguswa!

"Ilikuwa imechomekwa?" aliuliza Evod.

"Imechomekwa, na kufuli juu."

Evod akavuta kigoda, akakaa. Kilichoingia kwenye kompyuta kilikuwa kimepita kwenye ule waya na kuifunga diski nayo, picha hata moja haikusalia. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Dativa alikwenda polisi. Askari wa zamu, mtu muungwana tu, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza mlango umevunjwa sehemu gani. Haukuvunjwa. Kilichochukuliwa ni nini? Hakuna, vyote vipo. Askari akakuna kichwa. Evod naye aliibeba kompyuta mpaka Morogoro kwa mwalimu wake, akarudi nayo ilivyokwenda. Wakaitazama kadi ya kamera. Ilishafutwa na kupigiwa harusi na vipaimara mara nyingi juu yake, cha zamani hakikupatikana. Usiku Dativa alikuwa halali. Anawahesabu wazee kwa majina, mmoja mmoja, anamwona na nguo aliyovaa. Aliogopa kwenda kanisani, kwa sababu huko walikaa viti vya mbele na kumpungia mkono.

Ndipo alipokuja Careen, binti wa Mama Marsiana. Alisimama mlangoni bila kufunga mwavuli. Mama alikuwa ametolewa hospitali, ugonjwa wa tumbo, madaktari wamesema akapumzike nyumbani. Kila mtu anajua maana ya neno hilo. "Mama amesema nikwambie uiandae ile picha yake," alisema Careen. "Tena ametabasamu alipoitaja. Ndiyo kitu pekee kinachomtuliza."

"Sawa," alisema Dativa. Neno lilimtoka lenyewe, na Careen alipokwisha kukata kona ndipo lilipomrudia.

Alimtafuta Evod kwa simu, akalia. Evod naye karibu alie. Alimwuliza kama familia ina picha nyingine, na Dativa akapeleleza kwa ujanja. Hawana. Mama Marsiana alikuwa akiona simu inainuliwa tu anajifunika kanga, kwamba yeye picha yake anayo kwa Dativa, inatosha. Kilichokuwepo ni ile ya kitambulisho, na picha za kitambulisho unazijua, hata askofu akipigwa anafanana na mshitakiwa. Dativa angeweza kunyamaza, mama afe na amani yake. Wako watu waliomshauri hivyo. Lakini aliona ni wizi wa pili, akachukua kamera yake asijue ya nini, akaenda Kibaoni.

Alimkuta kitandani. Yule mama wa haja alikuwa amebaki macho na mifupa ya mashavu, kitanda kimekuwa kikubwa kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisalimia au umekuja kunipima sanduku?" Sauti ilikuwa ndogo, lakini maneno yalikuwa yake. "Picha yangu haijambo?"

Dativa akapiga magoti sakafuni. "Mama, picha haipo."

"Imeibwa?"

"Imefungwa. Kuna watu wameifunga ndani ya kompyuta, siwajui. Nimehangaika, mama, nimeshindwa. Nisamehe."

Mama Marsiana alimtazama kama anayesubiri aambiwe ni utani. Careen mlangoni akashika mdomo.

"Na wewe na mafunguo yako yote hayo," alisema hatimaye, si kwa hasira. "Basi nipige nyingine."

"Mama, humu ndani?" alimaka Careen.

"Humu mgeni ameshaingia, Careen. Tutamficha nini tena? Lete kitenge changu cha kijani."

Wakamvalisha. Nguo ilimzunguka mara mbili, Careen akaikaza kwa pini mgongoni. Wakamwekea mito, wakamfunga kilemba, wakafungua dirisha mwanga uingie. Mama Marsiana alijiweka sawa, akainua kidevu, akajaribu kucheka kile kicheko chake. Midomo ilifunguka, meno yakaonekana, na kikohozi kikaja badala ya kicheko. Akajaribu tena. Dativa alikuwa na miaka mingi kwenye kazi hii, anajua pa kusimama na pa kuutafuta mwanga, na safari hii hakupata popote. Akabonyeza.

"Nione."

"Hii si nzuri, mama, ngoja nipige..."

"Nimesema nione."

Akampa kamera. Mama Marsiana aliishika kwa mikono miwili na kuitazama kwa muda mrefu.

"Huyu mgonjwa," alisema. "Wanangu watoke Mbeya, watoke Dodoma, safari yote ile, waje wamzike huyu? Hapana. Huyu simjui. Mfute."

"Mama, tukiifuta hatutakuwa na..."

"Mfute nikiona."

Majuma yote yale Dativa alikuwa ameomba mbingu na nchi apewe sura moja tu, yoyote. Sasa alikuwa nayo mkononi. Kamera ikauliza kama ana uhakika, ndivyo inavyouliza siku zote, na macho yale mawili yalikuwa yanamtazama kidole. Akabonyeza, na kioo kikawa cheusi.

"Asante, mwanangu," alisema Mama Marsiana, akageukia ukutani.

Alizikwa Jumamosi, baada ya mvua. Watoto walikuja wote. Kijukuu chake kilitangulia mbele ya jeneza kama ilivyo desturi, na njia nzima hakikujua kiweke wapi mikono yake.