Simfonia Iliyoanikwa Juani

Baba yangu aliongoza bendi ya tarumbeta ya kanisa letu huko Mamba kwa miaka mingi, na kuna simfonia moja aliyoikariri yote kutoka kwenye kaseti aliyoachiwa na mmisionari. Nilipompelekea rekodi mpya ya simfonia hiyohiyo, iliyopigwa kwa vyombo vya kale kama enzi za mtunzi wake, nilitegemea machozi ya furaha.

Alisikiliza kidogo kwenye spika ndogo niliyoiunganisha na simu yangu, akachukua tarumbeta yake, akapuliza noti moja.

"Hii iko chini," akasema. "Betri zimeisha."

"Hapana, baba. Vyombo vya zamani vilipigwa kwa noti za chini kidogo. Na spika hii inachajiwa kwa umeme."

"Mwanangu, muziki ukiburuza, ni betri. Usinifundishe."

Akainyakua spika yangu, akaianika uani kwenye turubai, katikati ya tangawizi iliyokuwa ikikauka, kama alivyozoea kuanika betri za redio zilizoisha ili zipate nguvu tena. Nilikasirika hadi nikakataa chai.

Baada ya saa mbili akairudisha ikiwa ya moto kama kiazi kilichotoka jivuni. Nikabonyeza simu kwa hasira, nikakosea, ikapiga rekodi ya kawaida, ya vyombo vya kisasa, ya simfonia ileile. Baba akapuliza tarumbeta: sawasawa kabisa! Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyepoteza ada aliyomlipia mwanawe shuleni.

Wiki iliyopita, ofisini kwangu Same, nilikuwa nasikiliza ile ya vyombo vya kale. Ghafla nikaona kama inaburuza. Nikatazama huku na huku, kisha nikaisogeza spika dirishani, penye jua.