Siku Damu ya Mama Ilipokataa Kuganda

Kitako cha bunduki kikigonga kichwa cha mtu kinatoa sauti ya boga bichi linalopasuliwa kwa panga. Bado naisikia. Ilikuwa asubuhi, kwetu Bulengera, na kichwa kilikuwa cha mama yangu.

Askari watatu waliingia kutafuta pesa. "Mbongo iko wapi, mama?"

"Mutafute. Mukiipata tutagawana," akawajibu, vile anavyotujibu sisi batoto. Mmoja akampiga. Jirani yetu, muuza viazi, alikuja mbio kuwaomba huruma. Walimpiga risasi ya tumbo mlangoni, wakamruka, wakaondoka na redio yetu. Alikufa ameshika kizingiti.

Mtu mwingine angefungwa kitambaa, damu ikakoma. Mama hapana. Kabla ya vita, wamisionari wa kanisa letu walimpeleka Nairobi, akapasuliwa kifua, akawekewa mlango mdogo wa chuma ndani ya moyo. Tangu hapo alikunywa kidonge kila siku ili damu isigande kwenye chuma hicho. Sasa ilikuwa haigandi popote. Ilipita kitambaa cha kwanza, ikapita cha pili. Nikamlaza kwenye chukudu ya yule jirani marehemu, ile baiskeli ya mbao aliyobebea viazi, nikaisukuma mpaka dispensaire, zahanati yetu.

Infirmier, muuguzi wa pale, alisoma karatasi za Nairobi mara mbili.

"Niko na ampoule moja, kachupa haka, ya vitamine K," akasema. "Inarudisha damu kuganda. Lakini nikimupa yote, itaganda kwa ile chuma, moyo itasimama. Nikiacha, ataisha kwa kutoka damu."

"Sasa?"

"Kidogo tu. Halafu tunafinya, tunashona, tunangoja."

Akadondosha matone kwenye kijiko, mama akameza. Bunduki zilikuwa zinalia upande wa soko, na kila mlio vioo vya dirisha vilitetemeka. Nilifinya jeraha mpaka vidole vikafa ganzi, nikiwaza magauni ya harusi nitakayoshona vita vikiisha, yenye mikono mipana.

"Weye binti, unacheka nini? Finya," infirmier akanishtua.

Mchana damu ikasimama. "Vidonge vyake tutarudisha pole pole, nitasema siku," infirmier akaniambia. "Na sombe, lengalenga, mboga zote za majani, hapana kumupa sasa. Majani inabeba vitamine hii hii. Tutapita kipimo, mulango ya moyo itaziba."

Kesho yake akaja mama mmoja wa kanisa, mdomo umevimba. Alibeba chupa ya maji ya lengalenga mbichi, ametwanga mwenyewe, ya kumwongezea mama damu.

"Ku barrière ya barabarani askari walisema ni sumu," akasema. "Wakanipiga makofi, wakanikunywesha mbele yao. Nikabaambia, mukunywe na ninyi, mumekauka kama muhogo." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Anywe yote, mwanangu. Nimeruka maiti mbili kumuletea."

Sikuweza kumwambia kwamba majani yake yangemuua mama. "Wasingya, mama," nikamshukuru kwa Kinande, nikapokea chupa kwa mikono miwili. Mama alikuwa amelala, midomo myeupe. Nilimjua: akiamka angekunywa yote, kwa heshima tu.

Mgeni alipoondoka nilizunguka nyuma ya dispensaire, nikasimama karibu na ukuta wenye matundu ya risasi, nikashindwa kuimwaga, nikainywa mwenyewe, chungu hivyo hivyo, mpaka tone la mwisho.