Nyuki wa Zubaida

Sajini mstaafu Obita alikuwa na sheria moja nyumbani kwake Mbuya, Kampala: akishika simu asubuhi, watu wanyamaze. Alisoma blogu zake kama mtu anayekagua gwaride, miwani kwenye ncha ya pua. Alianza na fundi redio wa Goma, akapita kwa mwalimu wa Mombasa anayelalamikia paka wa jirani, kisha, kama mlaji anayebakiza mnofu hadi mwisho, akamalizia na Zubaida wa Bukoba.

Zubaida alifuga nyuki. Mumewe hakuwapenda. Hadithi yenyewe ilikuwa hiyo tu, na Obita aliicheka mpaka chai ikamwagika.

"Baba Atoo, mtu mzima unachekea nyuki ya watu," alisema mkewe, Rukiah, akipindua kisra, mikate myembamba ya kwao, kikaangoni. Yeye Mnubi wa Bombo, mumewe Mwacholi wa Kitgum. Kiswahili cha kambini ndicho kilichowaozesha, na ndicho walichogombania. "Na bomba ya jikoni bado inavuja."

"Nasoma, Mama Atoo."

"Basi soma kwa sauti, nijue kitu gani inachelewesha bomba yangu."

Akasoma: "Leo mume wangu ameumwa na nyuki mdomoni kabla hajamaliza kunitukana. Amesema nichague, yeye au mizinga. Nimemwomba anipe muda nifikirie."

Obita alicheka hadi akapaliwa. Rukiah hakucheka.

"Anafikiria nini tena? Mizinga inaleta asali. Huyo bwana analeta nini?"

"Analeta heshima."

"Heshima haipakwi kwa mkate."

Kesho yake blogu ilikuwa kimya. Keshokutwa pia. Wiki ikakatika. Obita aliwageukia fundi redio na paka, lakini walikuwa kama mboga isiyo na chumvi. Rukiah ndiye aliyezidi. Kisra ziliungua. Hata kabla ya salamu za asubuhi alikuwa akiuliza, "Ameandika?" Yeye aliamini bwana ameichoma mizinga, Obita aliamini nyuki wamemmaliza bwana. Walibishana hadi chakula cha mchana kikapoa.

Mwishowe Rukiah alishindwa. "Si wewe ulikuwa sajini? Uliza!"

Obita akaandika chini ya blogu kwa kidole kimoja: "Madamu Zubaida. Mimi Sajini Obita, Kampala. Wewe uko wapi? Bwana iko wapi? Nyuki iko wapi? Toa ripoti."

"Weka salamu," alisema Rukiah.

Akaongeza mwishoni: "Salamu."

Jibu lilikuja jioni, lakini si la Zubaida.

"Shikamoo Sajini. Mimi ndiye bwana. Simu ya Zubaida ilitumbukia kisimani, naye kwa hasira amekwenda kwa dada yake. Nimebaki na nyuki peke yangu, nao wanakuja mpaka chumbani. Nifanye nini?"

Obita alikaa wima. Kuhusu nyuki alijua kukimbia tu.

"Mwambie atumie moshi," alisema Rukiah. "Halafu aombe radhi."

"Nyuki inaombwa radhi?"

"Mke wake!"

Obita, mtu wa amri fupi, akaandika: "Tumia moshi omba radhi", akatuma.

Siku mbili zilipita. Ndipo Zubaida mwenyewe akaandika, kwa simu ya dada yake, na hakuwahi kuandika kwa kirefu namna ile. Alirudi nyumbani akakuta moshi umetanda shambani kama kuna msiba. Katikati alisimama mumewe, amejifunika chandarua cha mbu, amepiga magoti mbele ya mzinga mkubwa, anasema, "Nisameheni, jamani. Maneno yale nilisema kwa hasira." Zubaida alimtazama aone atafika wapi. Bwana aliendelea hadi mzinga wa tatu. "Nilikuwa nimekwisha kuchagua," aliandika Zubaida, "lakini mtu anayewaomba radhi wadudu utamfukuzaje? Nimebaki nao wote."

Rukiah alicheka akakaa chini sakafuni, kanga ikamfunika uso. "Bwana huyo si mbaya," alisema akijifuta machozi. "Alikosa tu mtu ya kumpa amri."

Chini kabisa palikuwa na mstari mwingine: "Asante, Sajini wa Kampala. Siku nyingine weka nukta."

Obita aliuvimbia mstari ule. "Mimi nilifundishwa kulenga shabaha," alisema. "Nani alinifundisha nukta?"

Rukiah alimsihi asijibu. Alijibu.