Simu Iliyomwita Séraphine

Jirani yangu Anselme hana maneno, na hilo ndilo lililokuwa likiniudhi kwake tangu zamani. Tunaishi ua mmoja hapa Kisugu, Kampala, Wakongo tumebanana, kila mtu ana la kusema isipokuwa yeye. Ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza habari anasema nzuri, kisha anarudi kwenye kompyuta yake. Kule Bukavu aliajiriwa na mradi mmoja wa afya uliogawa vile vikompyuta vya kiganjani, vya kuandikia kwa kijiti, na yeye ndiye aliyeviandikia programu. Vita vilimleta Kampala na ujuzi ambao hapa hakuna aliyeuhitaji, yeye na mdogo wake, Séraphine.

Séraphine alikuwa na kifafa. Nalisema wazi kwa sababu mwenyewe hakulificha. Mkononi alikuwa na kovu la jiko aliloangukia utotoni, na ukimuuliza alikuambia, "Moto ulinisalimia, mama." Alikuwa mcheshi, mpenda mafuta mazuri ya nywele, na kule Ggaba, ufukweni mwa ziwa, alikuwa akiuza dagaa, wale ambao wenyeji wanawaita mukene. Vidonge alitakiwa kuvimeza asubuhi na jioni, na alipovimeza hakuanguka. Tabu yake ilikuwa kusahau.

Basi kaka yake akamwandikia programu ya simu. Miaka ile ilikuwa ya simu za vitufe, na nafasi ndani yake ilikuwa finyu kuliko chumba changu. Anselme alitaka simu imwite kwa sauti, si kwa mlio tu, lakini sauti ilikuwa inakula nafasi yote. Alikata maneno, akakata tena, mpaka yakabaki mawili. Ikifika saa moja asubuhi na saa moja jioni, simu ya Séraphine ilikuwa inasema kwa sauti ya kaka yake, "Séra, dawa."

Ua mzima ulicheka. Halafu ua mzima ukaitaka. Mimi nina presha, mwingine ana sukari, na baada ya ibada ya Jumapili watu walipanga foleni nje ya kanisa ili Anselme awarushie programu kwa blututhi. Anselme alimrekodia kila mmoja jina lake kwa sauti yake mwenyewe. Kwangu ilisema, "Mama Estelle, dawa." Mtu asiyeongea akawa anaongea mifukoni mwetu sote, na kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka nilimwona anatembea kifua mbele. Nilifurahi kwa ajili yake, nisiseme uongo.

Séraphine ndiye aliyefurahi kupita wote. Aliacha kabisa kujishughulisha na saa. "Yaya ananikumbukaka," alisema, yaani kaka yake, "mimi niko nafanya nini na kukumbuka?" Vidonge vilikaa kwenye mkoba, na mkono ulisubiri kuitwa.

Sasa niseme jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Simu yangu ilianza kuniita nyakati za ajabu, jua likiwa utosini, mara nyingine nimelala. Nilimwendea Anselme nikamwambia, "Iyi kitu yako iko naniita muchana, baba. Iangalie."

Hakuinua hata macho. "Mama, uligusagusa tu vitufe," alisema. "Kwangu iko natembea muzuri."

Na kweli kwake ilikuwa inakwenda vizuri. Simu zake za kujaribia zilikuwa za kampuni kubwa, zile zinazotunza saa hata ukizitoa betri. Sisi wengine tulikuwa na simu za bei rahisi za laini mbili. Nilirudi chumbani nikinuna, nikajiambia labda kweli ni mikono yangu. Mwenye elimu akikuambia kosa ni lako, unamwamini.

Kisha transfoma ya mtaa wetu ikaungua. Umeme ulipotea, watu wakaanza kupeleka simu kwa Ochan, mwanajeshi mstaafu mwenye kibanda cha kuchaji njiani kuelekea Kibuli. Ochan hakutumia waya. Alitoa betri kwenye simu, akazibana kwenye vile vichaja vyake vya ubaoni, kila betri na kipande cha karatasi chenye jina. Mimi nilikuwa mteja wake tangu zamani, maana chaja yangu iliharibika. Séraphine alikuwa hajawahi kuchaji nje ya nyumba.

Siku moja mchana alimwachia Ochan betri. Jioni ile simu haikumwita, maana ilikuwa mfu mkobani. Alfajiri alipitia kibanda akielekea Ggaba, Ochan akairudisha betri, simu ikawaka ikauliza saa. Ochan akabonyeza kitufe cha kukubali, kama alivyofanya kwa kila simu, ili mteja aone inawaka aende zake. Ndani ya simu ile ikawa saa sita usiku kamili.

Nilikuwa na Séraphine Ggaba siku ile, maana tulizoea kununua dagaa pamoja mitumbwini, yeye wake wa kuuza. Saa moja asubuhi ilipita bila simu kuita, akiwa anabishana na mwenye mtumbwi juu ya dagaa wenye mchanga. Alinipa mkoba nimshikie, akaingia majini mpaka magotini kuangalia mzigo. Niligeuka kutafuta gunia. Niliposikia watu wanapiga kelele, Séraphine alikuwa ameanguka, yuko chini ya maji katikati ya mitumbwi, na maji yenyewe hayakuwa na kina cha kumzamisha mtu mzima. Walimtoa. Walimkandamiza kifua muda mrefu. Hakurudi.

Anselme alifika kwa bodaboda tukiwa bado pale, tunasubiri gari la kumbeba. Séraphine alikuwa amelazwa kwenye turubai, nimemfunika kwa kitenge changu. Anselme alipiga magoti kando yake. Jua lilikuwa juu kabisa. Ndipo mkoba niliokuwa nao begani ukasema, "Séra, dawa."

Sauti ilikuwa ya Anselme mwenyewe. Ikarudia, maana aliipanga irudie mpaka mwenye simu abonyeze. Niliitafuta simu, akanipokonya, akaiangalia. Kioo kilionyesha saa moja asubuhi. Alinitazama mimi, na nikajua amekumbuka nilichomwambia. Nilikuwa na hasira ya kumvunja mfupa, na huruma iliyonizidi hasira.

Baada ya matanga alizunguka kwa kila mtu aliyempa ile programu akaifuta. Wengine walikataa, walimwambia inawasaidia, akawasihi mpaka wakampa simu. Alipofika kwa Ochan kuulizia betri, yule mzee aliangalia chini. "Mimi napiga tu okee, simu inawaka, mutu anaenda," alisema. "Hakuna mutu aliniambia simu iko na kazi ya saa." Anselme alimjibu kwamba ni kweli, hakuna aliyemwambia. Hajaandika programu tena tangu siku ile. Sasa simu za kupangusa zinajua saa zenyewe, na yeye anaziuzia makava na kuzibandika vioo.

Lakini kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, anapita nyumba kwa nyumba kwa wale wale wa foleni ya kanisani, tuliobaki. Jioni tena. Anabisha mlango wangu na kusema, "Mama Estelle, dawa," kisha anasimama kizingitini mpaka anione nameza. Mvua inyeshe, aumwe, anakuja. Amezeeka kwa kazi hiyo, na siwezi kumwambia aiache.

Estelle, binti yangu, alininunulia simu inayoniita kwa wakati, nami nameza vidonge kabla Anselme hajafika. Ninapomsikia anabisha, nafungua, nachukua kikombe, naweka mkono mtupu mdomoni, nakunywa maji mbele yake.