Posa ya 9,991

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilirudi Mtwara na vitu viwili: shahada ya hisabati, na mapenzi kwa mwalimu mmoja wa Chuno, naye wa hisabati. Siku hizo niliamini kila jambo zito lazima liwe na namba. Basi mjomba wangu, fundi cherehani wa Chikongola, alipokubali kwenda kuniposea, nilimpa maneno ya kupeleka: moyo wangu ni kama 9,991, haugawanyiki ila kwa moja na kwa wenyewe.

"Namba ya hivyo inaitwaje?" mjomba akauliza.

"Namba tasa."

"Tasa? Neno hilo nilipeleke kwenye posa? Mjomba, wewe umesoma ukapitiliza."

Tukakubaliana aitaje namba, jina aliache.

Namba hiyo nilikuwa nimeichagua ufukweni Shangani, maji yametoka hadi bahari imebaki mstari tu unaong'aa. Niliigawa mchangani kwa kijiti: kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kila mara kikabaki kitu. Kaa wadogo walipita juu ya hesabu zangu wakiacha alama pembeni, kama wanasahihisha. Joto likanilegeza. Nikawa nagawanya nusu nimelala, naona namba zimejipanga safu zikitembea kuelekea majini, hakuna inayomshika mwenzake mkono. Nilipofika themanini na tisa, harufu ya pweza wa kuchoma ikanifikia. Ilibaki moja tu ya kujaribu kabla ya mia, ambapo jaribio huishia: tisini na saba. Nikajiambia, iliyostahimili yote hayo haitaangushwa na hii ya mwisho. Nikaenda kula.

Mjomba alirudi kutoka posa akiwa amekunja uso.

"Wazee wamekubali. Binti kakataa. Kasema, mwambie mia moja toa tatu, mara mia moja jumlisha tatu. Mimi mshenga au kikokotoo?"

Masikio yakapata moto. Tisini na saba mara mia moja na tatu. Elfu kumi kasoro tisa: somo analowafundisha watoto wa kidato cha pili. Hakuhitaji hata kijiti.

"Na kasema," mjomba akaongeza, "anayeapia jambo asilolikagua hadi mwisho, nyumbani ataapia mangapi? Kama ana namba ya kweli, ailete."

Kesho yake nilirudi mchangani na 9,973. Pweza alinukia vilevile. Nikabaki. Maji yakaanza kujaa, yakafuta saba, yakafuta kumi na moja, nami narudi nyuma kuelekea minazi na kijiti changu, nagawanya, narudi nyuma, mpaka sikujua tena kama ni mimi ninayezihesabu namba au ni bahari. Tisini na saba ikabakisha sabini na tisa. Nilisimama nikaitazama mpaka wimbi likaichukua.

"Imepungua!" mjomba alilalamika. "Jana tisini na moja, leo sabini na tatu. Mapenzi yanashuka?"

Lakini alikwenda, akarudi na jibu fupi: "Nimeikagua hadi mwisho. Aje."

Sasa tunaishi Magomeni. Nikitamka kwa uhakika kwamba geti nimelifunga, mke wangu huuliza bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi wake:

"Umefika tisini na saba?"

Nami huvaa kandambili nikatoka kwenda kuangalia.